Glutamati, gaba na vitamini B6: ni asidi amino ipi inayochochea kifafa?

BiMakorora

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandaa somo la wazazi na walezi wa wenye kifafa hapa Tanga mjini, nataka niingie na majibu yanayosimama. Nayaweka maswali kama yanavyoulizwa.

Zile chembechembe nyeupe za kukolezea mchuzi ni glutamati, na inasemekana glutamati ndiyo inayowasha ubongo. Mwenye kifafa azikimbie? Madukani kuna vidonge vya gaba na makopo ya unga wa protini wenye glutamini. Kama gaba ndiyo inayotuliza ubongo, mbona daktari haandiki gaba yenyewe, anaandika fenobabitoni? Halafu wapo waliopewa isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu, wakaambiwa wainywe pamoja na B6. B6 ikiisha dirishani wanachukua isoniazidi peke yake na kwenda zao. Pana ubaya gani? La mwisho ni vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye taurini.

Naomba vipimo na sababu. Ukimwambia mzazi "asile hiki" bila kumweleza kwa nini, akifika nyumbani ameshasahau.

Mfamasia_Chumbageni

Wa alaykum salaam dada. Naanza na la isoniazidi kwa sababu ndilo linaloweza kuua, na ukishalielewa hilo la vidonge vya gaba linakuwa jepesi.

Glutamati na gaba ni mtu na mwanawe. Ndani ya seli za neva kuna kimeng'enya kinachoitwa GAD. Kinaichukua glutamati, kinaiondolea kundi moja la kaboksili ambalo hutoka kama kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ndiyo gaba. Hatua ni hiyo moja tu, na kilichokuwa kinawasha kimegeuka kutuliza. Lakini GAD haifanyi kazi mikono mitupu. Inahitaji piridoksali fosfeti, ambayo ndiyo sura ya vitamini B6 inayotumika mwilini. Ikipungua hiyo, glutamati inarundikana upande mmoja na gaba inakauka upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani watoto wachanga walipata degedege kwa sababu ya maziwa ya kopo ambayo B6 yake iliharibiwa na joto kiwandani. Walipopewa B6, degedege ikakoma.

Isoniazidi inaipiga B6 mara mbili. Inajifunga na piridoksali (sura nyingine ya B6), vikaunda kitu kinachotoka na mkojo. Na inakizuia kimeng'enya kinachoigeuza B6 kuwa piridoksali fosfeti. Kwa dozi ya kawaida, yaani kwa mtu mzima 5 mg kwa kila kilo ya uzito na isizidi 300 mg kwa siku, mwenye lishe nzuri huvumilia. Akianza kupungukiwa, mara nyingi dalili ya mwanzo iko miguuni: ganzi, kuchomachoma, nyayo kuwaka moto usiku. Wasiotakiwa kabisa kupewa isoniazidi bila B6 ni wajawazito, wanaonyonyesha, wenye VVU, kisukari, figo mbovu, utapiamlo, wanaokunywa pombe sana, na wenye kifafa. Kwao ni 10 hadi 25 mg za B6 kila siku, na kidonge kinachopatikana sana ni cha 25 mg. Kwa hiyo mwenye kifafa akiambiwa B6 imeisha asiondoke kimyakimya. Aulize itapatikana lini, aulize famasi ya pili, na aulize kama kipo kile kidonge cha mchanganyiko kwa wenye VVU chenye isoniazidi 300 mg, kotrimoksazoli (antibiotiki) na B6 25 mg kwa pamoja. Asiiache dawa ya kifua kikuu kwa uamuzi wake. Arudi kwa aliyemwandikia.

Sasa hatari yenyewe. Mtu akimeza isoniazidi nyingi kwa mkupuo, zaidi ya 20 mg kwa kilo huanza kumdhuru ubongo, na kuanzia kwenye 35 hadi 40 mg kwa kilo degedege ni ya kutarajiwa. Tazama mtoto wa kilo 12 aliyeokota pakiti ya mama mezani na kumeza vidonge 2 vya 300 mg. Hiyo ni 600 mg, sawa na 50 mg kwa kilo. Vidonge viwili! Degedege huanza ndani ya dakika 30 hadi saa 2 au 3, inarudi na kurudi, damu inakuwa na asidi nyingi, mtoto anapoteza fahamu.

Na hapa ndipo watoa huduma wanapokwama. Wanachoma diazepamu, degedege haikatiki, wanarudia, bado. Sababu ni kwamba diazepamu haitengenezi gaba. Kazi yake ni kuifanya gaba iliyopo iufungue mlango wa kloridi, chembe za chumvi zinazoipoza seli ya neva, mara nyingi zaidi. Gaba isipokuwepo, diazepamu haina cha kukisaidia. Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, nayo haifui dafu hapa. Dawa ni piridoksini, yaani B6 yenyewe: gramu kwa gramu na isoniazidi iliyomezwa. Isipojulikana kiasi, mtu mzima 5 g kwenye mshipa, mtoto 70 mg kwa kilo bila kuvuka 5 g. Diazepamu huendelea kutolewa pamoja nayo kwa sababu sasa itapata cha kufanyia kazi. Kama hospitali haina ya sindano, vidonge husagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani: kwa yule mtoto wa 600 mg ni vidonge 24 vya 25 mg, na kwa mtu mzima wa 5 g ni vidonge 200. Hiyo hesabu inashtua, na ndiyo maana stoo ya dawa isihesabu B6 kama vitamini ya kupendezesha rafu.

Wazazi waambie mambo mawili tu: isoniazidi ifungiwe juu, na ikitokea mtoto amemeza asitapishwe, asinyweshwe maziwa, akimbizwe hospitali na pakiti yake mkononi ili vidonge vihesabiwe.

Kuhusu gaba ya kopo: gaba iliyomezwa haivuki vizuri ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta njia za kuzunguka. Fenobabitoni huurefusha muda ambao mlango wa gaba unabaki wazi. Vigabatrini hukiua kimeng'enya kinachoivunja gaba, kwa hiyo gaba inaongezeka ndani kwa ndani, ila inaweza kula sehemu ya uoni wa pembeni na ule hauponi. Tiagabini huzuia gaba isizolewe haraka. Gabapentini, pamoja na jina lake na umbo lake, haikamati kipokezi cha gaba (pale gaba inaposhika kwenye seli) hata kidogo. Inashika kwenye milango ya kalsiamu. Mzazi anayetoa pesa ya fenobabitoni akanunue kopo la gaba anabadilisha dawa kwa kitu kisichofika ubongoni.

Angalizo moja nisilisahau: B6 nayo isigeuzwe pipi. Kuanzia 100 au 200 mg kwa siku kwa miezi mingi huharibu neva zilezile za miguu, na dozi kubwa za namna hiyo zinaweza kushusha kiwango cha fenitoini na fenobabitoni kwenye damu. Miligramu 25 hazina neno.

Mkemia_Sahare

Nitajibu la mchuzi.

Hofu ya glutamati ina asili ya kweli. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Kijapani Takashi Hayashi aliingiza glutamati moja kwa moja kwenye gamba la ubongo la mbwa, wakapata degedege. Maneno ya kusisitiza hapo ni *moja kwa moja kwenye ubongo*. Ya mdomoni inapita njia nyingine kabisa.

Utumbo wenyewe hutumia glutamati kama kuni. Zaidi ya asilimia 90 ya inayoliwa huishia kwenye kuta za utumbo kabla haijafika kwenye damu. Kidogo kinachopita kinakuta ukuta wa damu na ubongo, ambao seli zake zimebanana na zina pampu za kuitoa glutamati nje ya ubongo. Mtu mzima hula gramu 10 hadi 20 za glutamati kwa siku ndani ya protini za kawaida: samaki, maharage, unga. Sufuria ya mchuzi ikitiwa nusu kijiko cha chai cha kile kikolezo, kama gramu 2, ikaliwa na watu 5, kila mmoja kapata gramu 0.4. Maziwa ya mama yana glutamati huru nyingi kuliko karibu asidi amino nyingine yoyote, na kichanga hanyonyi akaanguka. Kikunae Ikeda, aliyeitambua ladha yake mwaka 1908, aliitoa kwenye mwani. Wapo watu wanaoumwa kichwa au kuhisi joto usoni wakila gramu 3 au zaidi bila chakula kingine. Huyo aache kwa ajili ya kichwa chake. Kikolezo hicho si chanzo cha kifafa, na kukiacha hakuchukui nafasi ya dawa.

Kinachofaa wazazi wakione ni namna ubongo unavyoishi na moto huu kila siku. Ndani ya seli glutamati ni milimoli 5 hadi 10 kwa lita. Kwenye vifuko vya mwisho wa neva imeshindiliwa hadi karibu milimoli 100. Nje ya seli inatakiwa ibaki mikromoli chache tu (mikromoli ni sehemu moja ya elfu ya milimoli). Neva ikipiga, kifuko kinafunguka, glutamati inapanda ghafla hadi karibu milimoli 1, na ndani ya elfu moja au mbili za sekunde imeshazolewa. Wanaoizoa zaidi ni astrosaiti, seli zinazozizunguka neva. Zinaibandika amonia, ikawa glutamini, ambayo haiwashi chochote, kisha zinairudisha kwa neva ikageuzwe tena. Kifafa kinapata mwanya pale uzoaji huu unapolegea: kovu, uvimbe, seli zilizokosa hewa. Kwenye kovu la hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu), linaloonekana sana kwa wenye kifafa cha upande wa ubongo kisichosikia dawa, kile kimeng'enya cha kutengeneza glutamini kimepungua.

Kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, ipo asidi amino moja ya baharini ambayo kweli inaangusha watu. Inaitwa asidi domoiki. Umbo lake linafanana na glutamati kiasi cha kuvikamata vipokezi vyake, lakini zile pampu za kuzoa haziitambui, basi inashika na haiachii. Mwaka 1987 nchini Kanada zaidi ya watu 100 waliugua baada ya kula kome wa kisiwa cha Prince Edward waliokuwa wamechuja vijimea vidogo vya baharini vinavyoitengeneza. Walitapika, wakachanganyikiwa, baadhi wakapata degedege, baadhi wakafa, na wengine walibaki bila uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Mmoja wao alianza kuugua kifafa mwaka mmoja baadaye. Kuchemsha hakuiondoi. Mwani unaolimwa kwenye pwani yetu, spinosamu na kotonii, si jamii ya ile miani myekundu ya Japani iliyotolewa asidi domoiki na binamu yake asidi kainiki, kwa hiyo mtu asiache kulima wala kula kwa kusoma hapa.

Daktari_Watoto_TNG

Nashukuru kwa yaliyotangulia. Naongeza mambo mawili ambayo yanabadilisha kile mtu anachofanya saa ya tukio.

La kwanza ni kwa nini tunasema dakika 5. Vipokezi vya gaba havijapigiliwa misumari. Degedege ikiendelea, seli inavivuta ndani vile vya gaba na kuvisukuma juu vile vya glutamati vya aina ya NMDA. Yaani kadiri dakika zinavyokwenda breki zinapungua na kanyagio la mafuta linaongezeka. Diazepamu inayotolewa dakika ya 5 inakuta vipokezi bado vipo juu. Ileile ikitolewa dakika ya 40 inakuta vichache. Si kwamba dawa imeharibika. Basi mzazi atazame saa tangu mwanzo. Amlaze ubavu, aondoe vitu vigumu karibu, asitie kijiko wala kidole mdomoni, asimshike kwa nguvu. Ikifika dakika 5 haijakoma, au zikifuatana bila fahamu kurudi katikati, safari ya hospitali imeanza.

Kwa watoa huduma wa zahanati wanaosoma: diazepamu ya njia ya haja kubwa ni 0.5 mg kwa kilo. Kichupa cha 10 mg kwenye ml 2 kina 5 mg kwa ml, kwa hiyo ni ml 0.1 kwa kilo. Mtoto wa kilo 12 ni 6 mg, ml 1.2. Vuta kwenye bomba dogo la sindano, ng'oa sindano, ingiza ncha ya bomba sentimita 4 hadi 5, sukuma, kisha bana makalio dakika chache. Makosa yanayorudiwa ni kuiingiza nusu sentimita ikamwagika yote kwenye nepi, au kuichoma kwenye msuli wa paja, ambako inanyonywa polepole na bila mpangilio. Degedege inaendelea, halafu dawa inakuja kufika baadaye ikikutana na dozi ya pili, mtoto anaacha kupumua. Baada ya dakika 10 ikiwa bado, rudia mara moja, ukiwa na mfuko wa kupumulishia mkononi. Pima sukari kabla hujafikiria kitu cha tatu: ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, glukosi ya asilimia 10, ml 5 kwa kilo. Na kwa mwenye homa pima malaria hapo hapo. Degedege nyingi za watoto wa pwani hazihusiani na kifafa cha kudumu.

La pili ni watoto wachanga. Kaka mfamasia amesema gaba inatuliza. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa ni kweli, kwa kuwa mlango wa gaba ukifunguka kloridi inaingia ndani na seli inapoa. Kwa kichanga seli bado zimejaa kloridi, kwa hiyo mlango ukifunguka inaweza kutoka badala ya kuingia, na gaba ikaichangamsha seli. Hiyo ni sababu mojawapo ya fenobabitoni kushindwa mara nyingi kwa vichanga.

Na kipo kifafa cha vichanga kinachotibiwa na B6. Kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1954, na mwaka 2006 ikajulikana kasoro iko kwenye jeni ya ALDH7A1, inayohusika na kuivunja asidi amino ya laisini. Laisini ikikwama njiani, kinachorundikana kinajifunga na piridoksali fosfeti na kuiondoa kazini. Ona inavyofanana na kazi ya isoniazidi: milango miwili tofauti, chumba kimoja. Kichanga anaanza degedege siku za kwanza, fenobabitoni haimshiki, fenitoini haimshiki. Hapo hutolewa piridoksini 100 mg kwenye mshipa, vifaa vya kumpumulisha vikiwa kando, kwa sababu anaweza kunyamaza ghafla na kuacha kupumua. Isipopatikana ya sindano, hutolewa ya mdomo 30 mg kwa kilo kwa siku, siku 3 hadi 7, na kutazamwa. Wengine hawajibu dozi ya kwanza, kwa hiyo dozi moja isiyojibu haitoshi kufunga faili. Akithibitika, ni B6 maisha yake yote. Panapowezekana laisini ya chakula hupunguzwa na ajinini, asidi amino nyingine, huongezwa, kwa kuwa ajinini inagombea mlango uleule wa kuingilia ubongoni na kuibana laisini nje.

Ugonjwa huu ni nadra. Lakini dawa yake ni ya bei ya chini, na mtoto asiyeipata anaharibika ubongo. Mimi nasema kila kichanga ambaye degedege yake imeshindikana kwa dawa mbili apewe jaribio la B6.

BiMakorora

Allah awalipe. Nimeshaandika kurasa tatu. Dokta, ile ya nepi nitaisema wazi, maana akina mama wataielewa.

Bado taurini, na limezuka jingine: kuna wanaosema mafuta ya nazi yanatibu kifafa kwa kuwa "chakula cha mafuta" hutumika hospitali za nje. Nazi hapa haina shida, ndiyo maana linasambaa haraka. Na unga wa protini kwa kijana anayetumia valproeti, dawa ya kifafa, na anakwenda jimu?

Lishe_Muheza

Dada, nakwenda nayo kwa mkato palipo pa mkato.

Taurini: ni asidi amino inayotuliza, inagusa vipokezi vya glisini na vya gaba. Kopo la ml 250 mara nyingi lina 1000 mg za taurini na karibu 80 mg za kafeini. Taurini ya kopo siiogopi. Kafeini ndiyo inayozuia adenosini, breki nyingine ya ubongo, na inamnyima mtu usingizi. Kijana mwenye kifafa anayekunywa makopo matatu ili akeshe amejiwekea vichochezi viwili usiku mmoja.

Chakula cha mafuta kilianza mwaka 1921, Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani. Kipimo chake cha kawaida ni gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Sukari ikikosekana, ubongo unachoma ketoni, na maelezo mojawapo ni kwamba hapo aspateti (asidi amino nyingine) hupungua na glutamati nyingi zaidi hupata nafasi ya kupita kwenye ile GAD na kuwa gaba. Ni dawa kamili kwa baadhi ya watoto, hasa wale ambao sukari haivuki kuingia ubongoni. Lakini hesabu 4 kwa 1 maana yake ni hii: mtoto huyo hali wali, hali ugali, hali muhogo, hali ndizi. Ukimwongezea kijiko cha mafuta ya nazi juu ya wali wa nazi hujamwingiza kwenye chakula hicho, umemwongezea mafuta. Mafuta maalumu ya hospitali ni ya asidi za mafuta zenye kaboni 8 na 10. Kwenye mafuta ya nazi hizo mbili kwa pamoja ni kama asilimia 12 hadi 15, sehemu kubwa ni ya kaboni 12. Na wapo watoto wenye kasoro za kuchoma mafuta ambao chakula hiki kinaweza kuwaua. Kinaanzishwa hospitali, kwa vipimo vya damu, si jikoni.

Valproeti na unga wa protini ndiko ningependa ukazie. Valproeti yenyewe hupandisha amonia kwa baadhi ya watumiaji, hata vipimo vya ini vikiwa vizuri. Protini ikivunjwa hutoa amonia, na glutamini ya kopo nayo inaongeza nitrojeni. Kijana wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 50 kwa siku, na sahani ya maharage, samaki na mayai inamfikisha. Akiongeza vijiko vitatu vya unga wenye gramu 25 kila kimoja, anaongeza gramu 75. Wengi hawatapata kitu. Ila akianza kutapika, kulala mchana, kusema ovyo, au degedege zikaongezeka badala ya kupungua wakati vidonge anameza vizuri, asiongezewe valproeti kabla amonia haijapimwa. Kosa la kuongeza dozi hapo ni kumwagia petroli.

B6 ya chakula: mtu mzima anahitaji 1.3 mg kwa siku, mjamzito 1.9, anayenyonyesha 2.0. Gramu 100 za jodari zina karibu 1 mg. Ndizi mbivu moja 0.4. Dengu, viazi na maini zinajaza. Asidhani jodari itafidia isoniazidi. Anayepewa isoniazidi anahitaji kidonge.

Mfamasia_Chumbageni

Nyongeza mbili za dirishani.

Anayetibiwa kifua kikuu chenyewe hupata rifampisini pamoja na isoniazidi, na hizo zinavutana. Isoniazidi huzuia ini lisizivunje fenitoini na kabamazepini, zote dawa za kifafa, zikapanda. Rifampisini hulichochea ini, zikashuka, na valproeti na lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, nazo hushuka. Mtu asitabiri kwa kichwa tu. Mgonjwa akianza kuyumba, kuona vitu viwili viwili au macho kuchezacheza, dawa imepanda. Akianza kuanguka upya, imeshuka. Vyote viwili ni vya kurudi kliniki wiki hiyohiyo, na arudi tena akimaliza dozi ya kifua kikuu, maana ini likirudi hali yake, kipimo kilichoongezwa kinakuwa kingi.

Na mfungo unakuja kila mwaka na swali lilelile. Fenobabitoni inakaa mwilini. Nusu yake hutoka baada ya takriban siku 4, kwa hiyo dozi moja ya usiku haiathiriki na saumu. Kabamazepini ya mara mbili ni ngumu zaidi: futari saa 12 na nusu jioni na daku saa 10 na nusu alfajiri ni saa 10, kisha kunabaki saa 14 za mchana, na jioni kabla ya futari ndipo inapokuwa chini kabisa. Aombe ile inayotoka polepole wiki mbili kabla ya mwandamo, asingoje siku ya kwanza. Usingizi uliokatwa kwa ajili ya daku aulipe mchana. Aliyekuwa anaanguka mwezi uliotangulia ana ruhusa ya mgonjwa, aongee na daktari wake na shekhe wake.

Fenobabitoni isikatwe ghafla kwa sababu yoyote, iwe saumu, mafuta ya nazi au kopo la gaba. Vipokezi vya gaba vimeshazoea kuwa na msaidizi. Ukimwondoa kwa siku moja, ubongo unabaki na breki dhaifu kuliko ulivyoanza, na degedege zinaweza kufuatana bila kukatika. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na daktari ndiye anayeipanga ratiba.

BiMakorora

Nimeelewa. Jumamosi naanza na pakiti ya isoniazidi mezani na mtoto wa kilo 12, kisha bomba lisilo na sindano. Mchuzi nitauweka mwisho.